Kiti cha Iones

Mwenye baa hahitaji kutafuta habari. Zinakuja zenyewe, zinaagiza kahawa na kuegemea kaunta. Baa yangu iko uwanjani, mkabala na kanisa, na nitakayosimulia kuhusu Ermes Cavedoni na gari lake nimeyaona kwa macho yangu, au nimeambiwa na mkewe, Iones, ambaye hajawahi kunidanganya ila kuhusu umri wake.

Ermes anatengeneza salami, zile soseji kavu za nguruwe. Baba yake alifuga nguruwe, babu yake alifuga nguruwe, naye aliona haina maana kuvunja mfululizo. Ni mtu mnene, mpole, mbishi kupindukia, na sijui mtu mwingine ninayempenda huku nikitamani kumpiga kwa trei.

Huku kwetu, kati ya Modena na milima, magari ya kifahari yaendayo kasi hutengenezwa kama kwingine wanavyotengeneza viatu. Nusu ya wateja wangu wamewahi kukaza skrubu kwenye gari ambalo hawatalipanda maishani, kisha jioni wakarudi nyumbani kwa baiskeli. Tangu alipokuwa anasoma shule, Ermes aliyaona magari hayo yakipita mbele ya mazizi yao, bado hayajapakwa rangi, yakipelekwa kujaribiwa kwenye kona za milimani. Nguruwe hawakuinua hata vichwa. Yeye aliacha kila kitu akatazama.

Wala hakutaka lile la mashindano, ambalo tumbo linagusa lami na sauti inatisha kuku. Alitaka lile jingine: boneti ndefu, viti viwili vya heshima mbele, viwili vya adabu tu nyuma, na buti la kutosha masanduku. Gari la kunywea kahawa hapa asubuhi na kula chakula cha jioni ng'ambo ya milima ya Alpi, ukashuka shati lako halina mkunjo. "Ni gari la safari ndefu ya watu wawili, Dirce," alikuwa akiniambia. Dirce ndiye mimi. Alisema hivyo miaka na miaka, na sikumbuki aliwahi kusema watu wawili bila kumtazama Iones, ikiwa yupo.

Kisha kiwanda cha vigae kikataka shamba lake la kando ya mto, lile linalofurika kila vuli. Ermes akauza. Akamuuliza mkewe anataka nini, mkewe akasema jiko jipya. Akapata jiko jipya, na oveni yenye taa nyingi kuliko ukumbi wa dansi. Nasema hili ili pasiwe na mtu wa kumwita mchoyo. Jiko lilipokwisha ndipo akaenda Parma kuonana na daktari mmoja wa meno aliyekuwa anauza gari lake.

Alimchukua Ribelle. Ribelle alistaafu kiwanda cha magari, kazi yake yote ilikuwa kusikiliza injini, na sasa sikio moja limekufa. Anasema lililobaki ni la injini, lililokufa ni la mke wake. Yeye ndiye aliyenisimulia mambo ya Parma.

"Mbona unaliuza, Daktari?" Ermes aliuliza.

"Mgongo."

"Wa gari?"

"Wangu. Kuingia naingia vizuri. Kutoka ndiyo kazi."

Akawaonyesha. Aliingia kama bwana arusi, akatoka kwa magoti na viganja, mbele ya mtumishi wake aliyekuwa akimwagilia maua na akajifanya hakuona. Ermes akaigusa boneti kwanza, kuhakikisha imepoa na hakuna aliyeipasha moto kuficha kasoro. Ribelle akainua kidole, gari likawashwa, silinda zote kumi na mbili, na Ribelle akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na machozi, ingawa yeye anasema ni vumbi la Parma.

Halafu Ermes akaenda kwenye kigari chake cha mizigo, akatoa paja zima la nguruwe lililokaushwa, akaliweka kwenye buti na kufunga. Likafunga. Akaleta la pili. Likafunga.

"Nalichukua," akasema.

"Na hayo mapaja?"

"Ni yako, Daktari, ukipunguza kidogo."

Daktari akapunguza.

Lilipoingia uwanjani kwetu, watu walitoka mpaka kinyozini na sabuni mashavuni. Lilikuwa buluu iliyokoza sana, na ndani viti vya ngozi rangi ya maziwa, na mbao mbele zilizong'arishwa mpaka unajiona.  Kisha mmoja akasema kilichokuwa kwenye roho za wote: "Kwetu gari la namna hii ni jekundu, Ermes."

"Jekundu ni la kwenda kuonekana," akajibu. "La buluu ni la kwenda."

Hilo lilikuwa jibu zuri, na nilimpa kinywaji bure. Ole wangu, sikujua kwamba mwaka ule wote gari halitakwenda popote.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ermes hakulalamikia bima, wala tairi, wala petroli, na gari lile hunywa kama mafundi wa paa. Alichoshindwa ni kitu kingine. Yule daktari alikuwa amelitunza kama jino la dhahabu, hata harufu ya upya haijatoka: harufu ya ngozi, na nta, na kitu fulani kitamu ambacho hakina jina. Ermes alikuwa akifungua mlango, anaingiza kichwa, anavuta pumzi, anafunga. Kwa kuogopa unyevu alilihamishia katika chumba ambamo zamani yalining'inia mapaja ya nguruwe, maana joto la mle halibadiliki. Ribelle akatangaza baani kwamba Ermes ameanika gari, na litakuwa tayari kuliwa baada ya miezi ishirini na minne.

Na juu ya kiti cha abiria akaacha plastiki, ile ya kuzuia mafuta ya kwenye nguo yasipenye.

Siku ya kwanza alimfuata Iones hapa kwangu, injini ikinguruma chini chini, akashuka, akamfungulia mlango kama kijana. Iones alikuwa ametoka bustanini, ana kikapu cha kabichi mkononi. Alifurahi, nilimwona, hata alijishika nywele.

"Panda, Iones," Ermes alisema. "Ila vua viatu kwanza. Na hicho kikapu tukitie kwenye buti."

"Viatu hivi?"

"Vimetoka bustanini."

"Na mimi nimetoka bustanini. Unanivua nini tena?"

Watu wakacheka. Ermes hakucheka. "Ni ngozi nyeupe, mke wangu. Na harufu ya kabichi..."

"Nimeoga harufu ya nguruwe wako tangu niolewe, sijakuambia uvue kitu mlangoni." Alisema taratibu, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika, kwa maana Iones akipiga kelele ni mchezo. "Ukipenda boga, penda na ua lake. Siku utakayoniambia niingie na viatu vyangu na kikapu changu, nitaingia. Kabla ya hapo, zunguka na mchumba wako."

Akaenda zake kwa miguu. Ni mwendo wa dakika chache tu, lakini tulimtazama mpaka akakata kona.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili Ermes alitoka na gari peke yake, akaja baani, akaliegesha kwenye kivuli, akanywa kahawa amelipa mgongo gari na kile kiti kilichovikwa plastiki. Akarudi. Wageni walipiga picha. Wajerumani waliotoka kutembelea kiwanda waliliinamia na kusema mambo kwa kunong'ona. Yeye alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kuazima.

"Mwambie apande na viatu," nilimwambia siku moja, nikifuta meza kwa hasira. "Maneno matatu. Hayachubui ulimi."

"Nimelingoja maisha yangu yote, Dirce. Harufu ile ikitoka hairudi."

"Na Iones akitoka?"

Akakizungusha kikombe kwenye kisahani. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza tena, "Nalionea haya gari. Limeundwa kwa watu wawili, na mimi nakaa humo kama nimefiwa."

Niliona anaumia kweli, nikaacha kufuta meza. Lakini alikuwa hajui njia ya kurudi nyuma, na Iones alikuwa hana nia ya kumwonyesha.

Mwezi Juni, cheri zimeiva, zikaja habari kutoka Zurich, ng'ambo ya Alpi. Binti yao Morena, aliyeolewa kule, alikuwa amejifungua msichana, na ubatizo ungekuwa Jumapili. Hapa lazima niseme neno kuhusu siki. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa, baba yake huweka mapipa ya siki nyeusi ya zabibu darini, chini ya paa, kuanzia kubwa mpaka dogo, na siki hiyo inakua naye, ikipungua na kukolea, ikihamishwa kutoka pipa hadi pipa. Akipata nyumba yake, mapipa yanamfuata. Morena alikuwa amekaa miaka mingi kwenye ghorofa lisilo na dari. Sasa ana nyumba, ana dari, ana binti. Katika ukoo wa Cavedoni, mtoto wa kike hulambishwa tone moja la siki ya mama yake siku anayobatizwa. Kwa hiyo pipa dogo kuliko yote, lenye siki iliyokaa tangu Morena mwenyewe akiwa kwenye nepi, lilipaswa kufika Zurich kabla ya Jumapili.

"Mimi nitapanda treni," Iones alisema. "Pipa litasafiri na baba yake. Nafasi ipo, kiti hakina mtu."

Jumamosi asubuhi alikuwa ameketi kwangu, viatu vyake vya kanisani miguuni, kikapu cha cheri mapajani, akingoja nimpeleke stesheni. Ermes akaja na gari, na pipa limefungwa blanketi nyuma kwenye kigari cha jirani. Swali likawa litakaa wapi. Kwenye buti lingebiringika. Wote waliokuwepo wakawa wataalamu.

"Kiti cha mbele," Ribelle aliamua. "Lilaze, lifunge mkanda. Lakini toa hiyo plastiki. Juu ya plastiki litateleza."

Ermes akasita. Kisha akaitoa plastiki kwa mara ya kwanza, akaikunja vizuri, akampa mkewe aishike. Akatandika taulo. Pipa likalazwa, mkanda ukapita tumboni mwake. Ribelle akapima hewa ya tairi. Mwingine akauliza kama taa zinawaka.

Na sasa nitawaambia jambo la aibu, na ni aibu ya kijiji kizima. Pipa la siki hulazwa, lina tundu juu ya tumbo lake, na tundu hilo haliwekwi kizibo. Siki lazima ipumue. Tundu hufunikwa kwa kitambaa cha kitani, na juu ya kitambaa huwekwa jiwe la mtoni, basi. Kuziba pipa la siki ni kama kumfunika mtu uso akiwa hai. Tulisimama pale watu kumi au zaidi, wenye akili zetu, tukaona Ermes akikifunga kitambaa kwa uzi na kuliweka jiwe mahali pake, na hakuna hata mmoja aliyewaza kizibo. Mjerumani yeyote mwenye kamera shingoni angeuliza. Siku hiyo hakuwepo hata mmoja.

Akaondoka polepole, kama anabeba mgonjwa. Tukampungia. Iones hakupunga, ila alilitazama gari mpaka mwisho wa barabara, plastiki mkononi.

Kwenye kipilefti cha ghala la cheri, trekta lenye makreti likaingia bila kutazama, kama matrekta yetu yanavyoingia tangu yalipovumbuliwa. Ermes akakanyaga breki. Breki za gari lile zimetengenezwa kulisimamisha kutoka kwenye mwendo ambao hapa kijijini hautakuwepo kamwe. Gari likasimama. Pipa nalo, likiwa na mkanda, likasimama. Siki ikaendelea na safari.

Tulisikia tairi zikilia, tukasikia kimya. Baadaye tukaliona gari likirudi, polepole kuliko lilivyoondoka. Ermes akashuka, shati jeusi kifuani. Mlango wa pili ulipofunguliwa, harufu ilifika mpaka kwenye mashine yangu ya kahawa. Siki iliyokomaa hivyo ni nzito kama asali. Ilikuwa imeshuka kwenye mbao, imeingia kwenye matundu ya hewa, imejaza mishono ya kiti, na jiwe la mtoni lilikuwa sakafuni limejilaza kwenye kidimbwi chake. Ribelle akavua kofia.

Ermes aliketi kwenye ngazi ya baa yangu akalia. Nasema wazi, mtu aliyekuwa akichinja nguruwe kila msimu wa baridi alilia kama mtoto, na hakuna aliyethubutu kumtania. "Siki ya Morena," alikuwa akisema. "Siki ya Morena." Harufu ya ngozi hakuitaja hata kidogo, na hilo Iones alilisikia kama nilivyolisikia mimi.

Aliweka kikapu chini. Akaenda kwenye gari, akaligonga pipa kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. "Imebaki zaidi ya nusu," akasema. Kisha akapitisha kidole kwenye zile mbao zilizong'arishwa, akakilamba. Akafikiri. Akapitisha tena.

"Imeiva," akasema. "Ermes, njoo uonje. Kazi yako ni nzuri."

Akaja. Wakasimama kando ya gari, watu wazima wale, wakilamba vidole. Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni Iones, lakini Ermes alifuata akacheka mpaka akashika mlango.

Tukafanya kazi. Nilileta ndoo na maji ya moto. Pipa tukalihamishia nyuma, kwenye kiti kimoja cha adabu, na ile plastiki Iones aliyokuwa ameishika muda wote tukaizungushia kwenye tundu, tukaifunga kwa kamba mara nyingi. "Isipumue mpaka Zurich," Ribelle aliiambia siki. "Ni saa chache, vumilia." Kiti cha mbele tukakifuta, lakini ngozi ilikuwa imeshakunywa. Rangi ya maziwa ikawa rangi ya kahawa yenye maziwa, na ramani ya kahawia pembeni. Nikatandika kitambaa cha meza, kile chenye miraba.

Iones akaokota kikapu chake. Akaja akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, asiingie.

"Unasubiri nini?" Ermes akauliza. "Tutachelewa."

"Unajua ninachosubiri."

Uwanja mzima ulisogea karibu. Hata kengele ya kanisa, iliyokuwa inakaribia kugonga, nilitamani ichelewe. Ermes akavitazama viatu vya mkewe, akakitazama kikapu, cheri zimejaa na nyekundu za kutia doa shati la padri.

"Panda, Iones," akasema. "Na viatu vyako."

"Na kikapu?"

"Na kikapu. Kishike mapajani, ukila njiani unilishe na mimi."

Akapanda. Akajivuta mkanda, akaweka viatu vyake viwili sakafuni pale penye siki, akanitazama kupitia dirishani. "Shoga, stesheni hatuendi tena," akaniambia. Na mimi, ambaye si mtu wa machozi, nilikwenda jikoni kutazama kitu ambacho hakikuwepo.

Mengine ni ya kusimuliwa na Iones. Kwamba walifungua madirisha kwa sababu ya harufu, na milimani baridi ikawafanya pua nyekundu. Kwamba hawakupita handaki la chini ya mlima, walipanda barabara ya juu, na theluji ilikuwa bado imelala pembeni, na gari lilipanda kona zile bila kuhema, ndipo kwa mara ya kwanza akaelewa mumewe alikuwa akitazama nini mbele ya mazizi. "Unasukumwa mgongoni kama na mkono wa mtu mzima anayejua anakokupeleka," alisema. Kwamba alipokula cheri alikosa pa kutemea kokwa, na Ermes, bila kuondoa macho barabarani, akamkingia kiganja.

Zurich, baba mkwe wa Morena, mtu nadhifu wa sweta jeupe, alitoka kulishangaa gari, akaingiza kichwa, akakitoa upesi. Mtoto alilambishwa tone lake. Alikunja uso, akafikiri, kisha akatoa ulimi kutafuta jingine, na Ermes akatangaza kwamba huyo ni Cavedoni halisi.

Sasa wamekwisha fika Trieste, na Provence, na mahali fulani kando ya ziwa ambapo walilala siku mbili kwa sababu Iones alipenda supu. Ndani ya gari siku ya jua unadhani umekaa ndani ya saladi. Ermes hafungui tena mlango kuvuta pumzi. Hana wakati.

Fundi wa viti kutoka mjini alipita kwangu juzi, vuli imeshaingia. Alikuwa ameitwa kwa Ermes kurekebisha kufuli ya mkanda, akaona lile doa, akaumia kama fundi. Alimwambia Ermes kwamba kwa wiki moja anaweza kuondoa ngozi yote ile, aweke mpya, na harufu iishe kabisa, gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Aliniambia kiti hicho kina mwenyewe, nimuulize yeye. Mama alikuwa ameketi humo humo, viatu miguuni, anamenya chungwa."

"Ukamuuliza?"

"Nilimuuliza. Akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia, na mumewe anataka kuondoka."